Pole na Kazi

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamua. Naingia kwenye teknolojia!

Uamuzi umefanyika leo katika somo la Ujasiriamali, mstari wa nyuma kabisa. Mhadhiri amesema mfanyabiashara asiyejua teknolojia ni sawa na muuza barafu asiye na friji. Darasa zima likaandika. Mimi sikuandika. Mimi nilipata maono.

Najua watakavyosema. Huyo yuko mwaka wa mwisho wa biashara, kompyuta anaijua kwa kuangalia mpira. Kweli. Lakini mwenye basi hajui kuchomelea bodi, na basi ni lake.

Kuna kampuni inatafuta wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo. Inatengeneza mashine ya kupokea simu kwa Kiswahili. Unapiga hospitali, mashine inakuuliza shida yako, inakuunganisha na chumba kinachohusika. Atakayefanya vizuri ataajiriwa akimaliza chuo. Miwani ameshaomba. Naliandika jina hilo kwa uchungu. Tunasoma darasa moja, amejifundisha mwenyewe kuandika programu bila kutumwa na mtu, na ana tabia ya kuvua miwani na kuipangusa kabla ya kukujibu, utadhani swali lako limeichafua.

Fomu inauliza: una nini ambacho wengine hawana? Nimekaa na swali hilo mpaka jioni. Tai ninayo, lakini hata wengine wanazo.

Shangazi alikuwa sebuleni, anaongea na mgonjwa aliyempigia mpaka nyumbani. Huyu ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea, na ni mpokea simu wa hospitali kuu tangu sijazaliwa. Alikuwa anamwambia mtu pole, baba, daktari wa macho yupo kesho, njoo na mtu wa kukushika mkono. Huko upande wa pili nikasikia mtu anashusha pumzi.

Kalamu ikanidondoka. Shangazi! Mimi nina shangazi!

Alhamisi, 6 Februari

Usaili. Bosi ni kijana wa raba nyeupe, hasalimii mtu. Unaingia, anakuambia: haya, sema. Ameniuliza lugha ngapi nazijua. Nikasema Kiswahili sanifu, Kiingereza cha ofisini na Kifaransa cha kuombea maji. Akasema anaulizia lugha za kompyuta. Nikasema hizo ndizo nilizokuwa nataka kuzimalizia.

Miwani, aliyekuwa anasubiri zamu yake nje ya kioo, alipangusa miwani.

Hapo nikatoa simu. Nilikuwa nimemrekodi shangazi akiongea na mama mmoja aliyepotelewa na kadi ya kliniki. Bosi alisikiliza. Akaacha kutikisa mguu. Akataka irudiwe. Akasema sauti hiyo akiisikia anajihisi ameshapona, na hata hakuwa mgonjwa.

Nimepata! Cheo: Mratibu wa Sauti. Miwani naye amepata, lakini yeye hakupewa cheo.

Jumamosi, 8 Februari

Kazi ya kumshawishi shangazi. Nilijiandaa na hoja kumi na mbili, nikatumia moja. Nilimwambia kampuni na hospitali yake wanataka kuhifadhi sauti yake ili akienda likizo simu zisikose wa kuzipokea. Si uongo. Sikutaja tu urefu wa likizo.

Aliuliza kama mashine hiyo haitamnyang'anya kiti. Nikamwambia, shangazi, waliponunua ufagio mpya, mfagiaji alifukuzwa? Akafikiri. Akasema hapana, alilalamika tu mgongo. Basi, nikasema.

Akaenda kuoga. Akapaka wanja. Nikamkumbusha ni sauti tu inayochukuliwa. Akasema sauti ya mtu ambaye hajaoga inajulikana.

Tumerekodia ndani ya kabati la nguo, maana Bosi alisema nguo zinameza mwangwi. Shangazi kwenye kigoda, mimi nimechuchumaa chini ya magauni yake, naona miguu tu. Nimemsomesha sentensi zote. Karibu hospitali kuu. Tafadhali subiri. Samahani, daktari ametoka. Pole sana kwa msiba, nakuunganisha na chumba cha maiti. Hiyo ya mwisho ilimchukua muda. Aliisema mara ya kwanza, akasema huwezi kumwambia mtu hivyo bila kumuuliza kwanza ni nani wake. Nikamwambia mashine haina muda huo. Akairudia.

Wakati wa kupumzika alinisimulia karani mmoja anayekitamani kiti chake miaka yote. Akasema, baba, kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia kutoka gizani, kati ya magauni, kwamba wahenga hawakukosea.

Ameweka sahihi. Ameniita mkombozi wa ukoo!

Jumatano, 12 Februari

Leo nimemgaragaza Miwani.

Tumepewa maelfu ya simu za zamani za hospitali. Unasikiliza simu, unabandika lebo: miadi, maabara, wazazi, msiba. Mashine inasoma lebo zetu ndipo inajua nani aende wapi. Tukigawana, ni kazi ya wiki nzima. Kila mmoja nusu yake.

Miwani anasikiliza simu hadi mwisho. Hadi mwisho! Mtu akikohoa, anasubiri amalize kukohoa. Nikamwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Akapangusa miwani, akasema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia hiyo waliisema watu wasiokuwa na kompyuta.

Mimi nimesoma biashara. Ufanisi! Kompyuta ilishaziandika simu zote kwa maneno, kwa hiyo sina haja ya kusikiliza. Natafuta neno tu. Panapotajwa damu, maabara. Panapotajwa mtoto, wazazi. Panapotajwa pole, msiba. Nani anasema pole kama hajafiwa? Nimebonyeza, nikajinyoosha, nusu yangu ikaisha kabla ya chai ya saa nne. Kompyuta yangu ilikuwa imeishiwa chaji, nikatumia ya Miwani alipotoka kwenda msalani. Hakuna ubaya, sisi ni timu.

Bosi ameniita mbele ya wote. Amesema hii ndiyo kasi anayoitaka. Miwani ameuliza nimewezaje. Nikasema siri ya mtungi aijuaye kata.

Natoka getini, mlinzi kaniambia pole na kazi. Nikamjibu nimeshapoa. Mzee mwema. Sijui kafiwa na nani.

Jumatatu, 17 Februari

Uzinduzi! Ukumbi wa hospitali. Viti vya plastiki, maua ya plastiki, kipaza sauti cha kweli.

Shangazi amekaa mstari wa mbele na gauni jipya. Bosi akapiga simu mbele ya wageni. Akasema: miadi ya meno. Basi, hakuna hujambo wala habari. Ukumbi mzima ukasikia sauti ya shangazi ikimkaribisha, ikimuunganisha na kliniki ya meno, na daktari wa meno akainua mkono kuonyesha simu imeita kwake. Makofi! Shangazi alipiga makofi kuliko wote. Aliwageukia watu wa nyuma na kuwaambia huyo ni mimi, mnasikia, huyo ni mimi.

Baada ya soda katibu wa hospitali alimvuta pembeni. Kamwambia anaweza kuanza likizo. Shangazi akauliza lini. Katibu akasema leo. Akauliza ya muda gani. Katibu akasema hilo linashughulikiwa.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anajinyoosha gauni. Nimemwambia wangapi wanapata likizo bila kuomba? Akasema kweli, baba. Usingizi utakuwa mtamu leo, nimeshika mustakabali kwa mikono miwili.

Alhamisi, 20 Februari

Balaa.

Mhudumu wa chumba cha maiti amekuja ofisini kwetu na koti lake la kazi. Watu wakasogea na viti vyao. Amesema tangu mashine ianze, simu yake haijanyamaza. Wanaompigia si wafiwa. Mama anaulizia homa ya kichanga, anaunganishwa na chumba cha maiti. Mzee anaulizia majibu ya picha ya mguu, anaambiwa pole sana kwa msiba. Familia moja ilipiga hospitali kujua bibi yao ataruhusiwa saa ngapi. Wameshakodi viti na turubai, wamelia mpaka sauti zimekauka, bibi akashushwa nyumbani na bodaboda, akawakuta, akauliza amekufa nani.

Akasema ameona kitu. Wanaokuja kwake wote ni watu wa adabu. Wale wanaoanza na pole na kazi, pole dada, poleni na majukumu. Wanaofoka wanafika kwa daktari moja kwa moja.

Nilihisi jasho mahali ambapo sikujua kama panatoa jasho.

Bosi akataka kujua nani alibandika lebo hizo. Wakafungua kumbukumbu. Zimetoka kwenye kompyuta ya Miwani. Wote wakamtazama Miwani. Miwani akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza hakupangusa kitu.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini mdomo ulikuwa na chai, na nilipomeza, alikuwa ameshaambiwa akusanye vitu vyake.

Ikagundulika baadaye kwamba ni yeye peke yake aliyejua kuifundisha mashine upya. Bosi akashika kichwa. Nikaona nafasi, nikaidaka! Nikasema mashine haina kosa, ni wateja hawajaelimishwa. Nimeandika tangazo mwenyewe, na kesho linabandikwa geti la hospitali: MPIGA SIMU, KWA HUDUMA BORA TAFADHALI USITUMIE ADABU.

Bosi amesema mwezi wa saba nikimaliza chuo nina kazi. Mkuu wa Ubunifu. Nimeiandika mara tatu kwenye kiganja.

Jumatatu, 24 Februari

Nyumbani hapakaliki. Shangazi anaamka kama zamani, anapiga pasi kola ya sare, anaivaa, anakaa sebuleni kando ya simu. Hapiki mpaka mchana. Nimemwambia likizo ni ya kupumzika. Anasema amepumzika.

Leo nimemkuta anapiga hospitali. Anajipigia mwenyewe! Anataka kuuliza likizo inaisha lini. Akaanza kama anavyoanza siku zote: hujambo dada, pole na kazi. Nikasikia sauti yake ikimjibu kutoka kwenye simu, tamu, imeoga: pole sana kwa msiba, nakuunganisha na chumba cha maiti.

Akakata. Akaniuliza amekufa nani.

Nikacheka. Nilidhani na yeye atacheka. Akaniangalia mpaka nikaacha.

Nikaona nimchangamshe, nikamwambia habari za Mkuu wa Ubunifu. Akasema hongera. Lakini alivyoisema! Kama pole.

Ijumaa, 28 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi niko chumbani nafunga tai. Nikasikia kitu kizito kimeanguka, halafu harufu ya nguo inayoungua. Shangazi yuko chini. Pasi iko juu ya kola. Mdomo umeenda upande, jicho moja linanifuata, lingine halinifuati. Anataka kusema kitu, yanatoka mate tu.

Nikazima pasi. Nikashika simu, nikaweka sauti kubwa ili mikono ibaki huru kumshika kichwa. Ikapokelewa. Karibu hospitali kuu, nikusaidie nini?

Nikasema: shikamoo, pole na kazi.

Ndivyo nilivyolelewa! Ni yeye aliyenifundisha, kwa kofi, nikiwa sijaota meno ya mbele. Pole sana kwa msiba, ikasema sauti yake, nakuunganisha na chumba cha maiti. Na yeye pale sakafuni anasikia. Najua alisikia. Lile jicho moja lilitoka kwangu likaenda kwenye simu.

Nikakata. Nikajiambia sasa foka, kuwa kama Bosi. Ikapokelewa. Na mimi, kwa sababu ni sauti yake, na kwa sababu sijawahi kufoka mbele ya sauti hiyo, nikasema tena, pole na kazi, tafadhali, ni shangazi. Pole sana kwa msiba.

Mara hii sikukata. Mhudumu wa chumba cha maiti akapokea na kuuliza nani tena. Nikamwambia ni mpokea simu, yuko hai, ameanguka. Amefanya naye kazi jengo moja miaka yote. Hakuuliza la pili. Madereva wa gari la wagonjwa walikuwa wamekaa wanasubiri simu ambazo haziwafikii, lakini hakwenda kuwatafuta. Akachukua gari lililokuwa karibu.

Kwa hiyo shangazi amekuja kuchukuliwa na gari la maiti.

Lilipoingia mtaani, majirani wakaanza kulia. Wanawake wakajifunga khanga viunoni. Mwenye duka akafunga duka. Nikapiga kelele, yuko hai, yuko hai, lakini nani anamsikiliza kijana mwenye tai? Tulimpitisha katikati ya kilio chake mwenyewe, macho wazi, tukampandisha. Mhudumu alimfunika shuka mpaka shingoni tu, akamwambia samahani, dada, ndilo nililonalo.

Jumapili, 2 Machi

Kiharusi. Daktari anasema ataishi. Upande wa kulia umelala. Kama atasema tena, daktari hajui. Sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Tungechelewa zaidi kidogo tungekuwa na mazungumzo mengine. Hakusema tumechelewa kwa sababu gani na mimi sikuuliza.

Miwani amekuja na machungwa. Kayamenya mwenyewe, akamkamulia kwenye kijiko. Kakaa saa nzima, hajaniambia hata neno moja baya. Anataka nini? Hakuna mtu anayemenya machungwa bure. Nadhani amepata kampuni nyingine na anawinda sauti. Amechelewa! Sauti yote ninayo mimi, iko kwenye simu yangu, na sahihi ipo.

Alipoondoka nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nje. Nikalia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nililia kwa sauti, mpaka mfagiaji akaniuliza nimefiwa na nani. Nikasema sijafiwa. Akasema basi pole. Nikapiga simu hospitali, nikiwa pale pale kwenye ngazi za hospitali, nimsikie tu akisema karibu.

Nikapiga tena. Nikapiga tena.

Na mara ya nne ndipo wazo likaja! Kama mimi nataka kuisikia hivi, na yeye hana ya kusemea, na ninayo mimi mfukoni, si kuna biashara hapo?

Jumamosi, 8 Machi

Siku kubwa. Pengine kubwa kuliko zote.

Fundi simu amenitengenezea. Kioo kina vitufe vikubwa, kila kitufe sentensi moja ya shangazi. Mgonjwa aliyepoteza sauti anabonyeza, anasema kwa sauti yake mwenyewe. Dunia nzima ina wagonjwa! Jina la kampuni: Shangazi. Bosi nimeshamwandikia. Tatizo dogo ni kwamba sentensi zilizopo ni za hospitali tu, lakini yeye yuko hospitali, kwa hiyo zinamfaa.

Nimemwekea kwenye mkono wa kushoto, ule unaofanya kazi. Nesi alisimama kutazama. Nikamweleza shangazi polepole: hapa ni karibu, hapa tafadhali subiri, hapa daktari ametoka, hapa pole sana, hapa asante kwa kupiga simu, kwaheri. Nikamwambia sauti yako imerudi, shangazi. Mwanao nimekurudishia.

Aliangalia kioo kwa muda mrefu. Akaniangalia mimi. Kidole kikapita juu ya vitufe vyote bila kugusa, kama mtu anayechagua nyanya. Halafu akabonyeza.

Asante kwa kupiga simu, kwaheri.

Wodi nzima iligeuka. Ile sauti! Nesi akashika mdomo. Nikamwambia jaribu kingine. Akabonyeza kile kile. Nikamsogezea kidole kwenye karibu. Akakitoa, akakirudisha.

Asante kwa kupiga simu, kwaheri. Asante kwa kupiga simu, kwaheri.

Nesi akatoka nje haraka, nadhani kuwaita wenzake waje waone. Hakurudi. Machozi yalikuwa yanamtoka shangazi upande mmoja. Furaha, bila shaka. Nimeandika kwenye ripoti: mtumiaji wa kwanza ameelewa mfumo bila mafunzo, na anarudia mwenyewe bila kushawishiwa. Wawekezaji wanapenda sana mtumiaji anayerudia.

Sasa nahitaji sauti nyingi zaidi, za watu ambao bado wanasema. Mama yake shangazi, yaani bibi, yuko hai na ana sauti nzuri ya kuimbia. Jumatatu namfuata. Kabati nimeshalipanga. Na lebo hazitachukua muda, njia ya haraka naijua.

Saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha nikainuka nimuage. Hata sijafungua mdomo, kidole kikashuka. Kwaheri.

Mashine ina kasi kuliko nilivyotarajia.